Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: draiva na programu dhibiti za Wi-Fi kwenye Linux

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesakinisha Linux akakuta kila kitu kinafanya kazi isipokuwa Wi-Fi, na pia kwa yule ambaye Wi-Fi yake ilikuwa nzima jana na leo imetoweka. Mifano inahusu zaidi Ubuntu, Debian, Linux Mint na Fedora. Amri zote huandikwa kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Jambo moja tunalisisitiza kuliko mengine yote: usisakinishe draiva yoyote kabla hujajua jina halisi la chipu yako na kabla hujasoma kerneli (kiini cha Linux) inalalamikia nini. Kompyuta nyingi zinazoletwa kwa mafundi zikiwa na tatizo la Wi-Fi huwa na matatizo mawili, la kwanza ni lile la asili, na la pili ni draiva tatu au nne zilizopakiwa kwa kubahatisha, zikagombania kadi moja.

## Mambo ya msingi

1. Draiva na programu dhibiti zina tofauti gani?

Draiva ni sehemu ya kerneli, nayo huendeshwa na prosesa ya kompyuta. Programu dhibiti, ambayo katika ujumbe wa Linux utaikuta ikiandikwa `firmware`, huendeshwa ndani ya chipu ya Wi-Fi yenyewe. Chipu nyingi za kisasa hazina mahali pa kuihifadhi umeme unapozimwa, kwa hiyo kila kompyuta inapowashwa draiva hulisoma faili lake kutoka folda ya `/lib/firmware` na kulipeleka kwenye kadi. Faili hilo likikosekana, kadi itatambuliwa na draiva itakuwepo, lakini hutaona mtandao hata mmoja.

Tofauti hii ndiyo inayoamua tiba. Draiva nyingi zimo tayari ndani ya kerneli, kwa hiyo aliyekosa draiva kwa kawaida anahitaji kerneli mpya zaidi. Aliyekosa programu dhibiti anahitaji faili tu, na kerneli yake inaweza kubaki vilevile. Ziko pia chipu zisizohitaji faili lolote, kama zile za Atheros za PCI zinazoendeshwa na draiva ya `ath9k`, na ndiyo maana laptopu za zamani zenye kadi hizo huunganishwa mara tu Linux inapowaka.

2. Nitaijuaje chipu yangu?

Kwa kadi iliyo ndani ya kompyuta, andika `lspci -nnk` na utafute mstari wenye maneno `Network controller`. Kwa adapta ya kuchomeka, andika `lsusb`. Haya ni majibu yanayopatikana kwenye laptopu nyingi za HP za bei nafuu:

```
02:00.0 Network controller [0280]: Realtek Semiconductor Co., Ltd. RTL8821CE 802.11ac PCIe Wireless Network Adapter [10ec:c821]
        Kernel driver in use: rtw_8821ce
        Kernel modules: rtw88_8821ce
```

Kilicho muhimu kuliko maandishi mengine ni jozi ya namba iliyo mwishoni, yaani `10ec:c821`. Nusu ya kwanza humtaja mtengenezaji wa chipu. Kwa kadi za ndani, `8086` ni Intel, `10ec` ni Realtek, `14e4` ni Broadcom, `168c` ni Atheros na `14c3` ni MediaTek, ilhali kwa adapta za USB, `0bda` ni Realtek na `148f` ni Ralink. Nusu ya pili hutaja chipu yenyewe. Ukiwa na jozi hiyo, utafutaji wako wa suluhisho utakuwa sahihi.

Mstari wa `Kernel driver in use` nao unasema mengi. Ukiwepo, draiva imeishika kadi, kwa hiyo nenda swali la 3. Ukikosekana kabisa, kerneli haina draiva ya chipu hiyo, au draiva imezuiwa, au imejaribu ikashindwa.

Usitegemee jina lililoandikwa kwenye boksi. TP-Link TL-WN722N ya toleo la kwanza ina chipu ya Atheros AR9271, ambayo ni miongoni mwa zinazokubalika vizuri zaidi kwenye Linux, lakini toleo la 2 na la 3, zenye umbo na jina lilelile, zina chipu ya Realtek RTL8188EUS ambayo ina usumbufu wake. Ukiwa dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, angalia namba ya toleo kwenye kibandiko kabla hujalipa.

3. Nitajuaje kerneli inalalamikia nini?

Andika `sudo dmesg | grep -iE 'firmware|wlan|iwl|rtw|ath|brcm|mt7'`. Kama kompyuta imewashwa kwa muda mrefu na ujumbe wa mwanzo umefutika, tumia `journalctl -k -b`, ambayo huonyesha kumbukumbu za kerneli tangu mashine ilipowashwa.

Soma namba ya kosa kwa makini. Kosa la `-2` lina maana kwamba faili halikupatikana, na jina la faili linalohitajika huwa limeandikwa palepale. Kosa la `-110` lina maana kwamba kadi haikujibu kwa wakati, na hapo tatizo mara nyingi ni la umeme au la kadi kubaki katika hali mbaya (swali la 13). Kosa la `-71` hutokea kwa adapta za USB mawasiliano yanapovurugika, hivyo badilisha tundu au waya kabla ya kugusa programu.

## Kupata programu dhibiti

4. Kompyuta haina Wi-Fi wala tundu la waya wa mtandao. Nitapakuaje vifurushi?

Tumia simu ya Android. Iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha ndani ya mipangilio ya simu uwashe kushiriki intaneti kupitia USB. Kwa distro nyingi (mifumo ya Linux kama Ubuntu na Debian), kompyuta itaiona simu kama kadi ya mtandao wa waya na itaunganishwa yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba simu iliyounganishwa na Wi-Fi inaweza kuipitisha Wi-Fi hiyohiyo kwenda kwenye kompyuta kwa njia hii, kwa hiyo si lazima utumie bando lako. Hakikisha tu kwamba waya unapitisha data, kwa kuwa nyaya nyingine huchaji tu.

Angalia pia ukubwa wa unachopakua. Kifurushi cha `linux-firmware` cha Ubuntu hufikia mamia ya megabaiti, kwa sababu kinabeba programu dhibiti za vifaa vya kila aina. Debian imevigawa vifurushi vyake kwa watengenezaji, jambo linalompunguzia gharama mtu anayelipia data kwa megabaiti.

5. Kifurushi changu ni kipi?

Kwenye Ubuntu na Linux Mint ni `linux-firmware`, nacho kwa kawaida kipo tayari, kwa hiyo kinachohitajika ni kukisasisha. Kwenye Fedora, `sudo dnf upgrade --refresh` husasisha kerneli na programu dhibiti kwa pamoja.

Kwenye Debian, chagua kulingana na chipu: `firmware-iwlwifi` kwa Intel, `firmware-realtek` kwa Realtek, `firmware-atheros` kwa Atheros na Qualcomm, `firmware-brcm80211` kwa Broadcom mpya, na katika Debian 12, `firmware-misc-nonfree` kwa Ralink na MediaTek. Baada ya kusakinisha, washa kompyuta upya.

6. Debian inasema kifurushi hicho hakipo. Kwa nini?

Kwa sababu vifurushi hivyo si programu huria, na Debian huviweka katika sehemu ya pekee ya hazina yake. Hadi Debian 11 sehemu hiyo iliitwa `non-free`. Baada ya kura ya wanachama wa Debian mwaka 2022, ilianzishwa sehemu mpya ya `non-free-firmware`, na tangu Debian 12 iliyotoka Juni 2023, diski rasmi ya usakinishaji huja na programu dhibiti hizo tayari. Aliyesakinisha toleo la zamani kisha akapanda kwenda la 12 anapaswa kuongeza neno hilo mwenyewe katika `/etc/apt/sources.list` (`bookworm` ni jina la Debian 12):

```
deb http://deb.debian.org/debian bookworm main non-free-firmware
```

Kisha aandike `sudo apt update`. Hatua hii husahaulika sana, na matokeo yake ni kwamba programu dhibiti hubaki za zamani ilhali kerneli ni mpya.

7. Naona kosa la `-2` la Intel, lakini Wi-Fi inafanya kazi. Nifanye nini?

Usifanye chochote. Draiva ya `iwlwifi` huanza kwa kutafuta toleo jipya kabisa la programu dhibiti inalolijua, na isipolipata hushuka namba kwa namba hadi ikutane na lililopo kwenye diski. Kila namba inayokosekana inaweza kuacha mstari wa kosa. Unachopaswa kutafuta ni mstari unaofuata wenye maneno `loaded firmware version`. Ukiwepo, kadi imepata inachokihitaji. Kosa linalotaja `iwl-debug-yoyo.bin` nalo halina madhara.

Hali ni tofauti ikiwa mistari hiyo inamalizika kwa `no suitable firmware found`. Hapo rudi swali la 5.

8. Je, ninaweza kunakili faili kwa mkono?

Ndiyo, mradi ulichukue kutoka hazina rasmi ya `linux-firmware` iliyoko git.kernel.org, na si kutoka tovuti yoyote inayotoa draiva kwa kila mtu. Jina lazima liwe lilelile lililotajwa na `dmesg`, pamoja na folda yake ndogo ikiwa ipo. Usishangae kuona kwamba mafaili mengine yaliyomo yanaishia na `.xz` au `.zst`, kwani distro za sasa huyabana na kerneli huyafungua yenyewe. Faili lisilobanwa pia linakubalika.

## Draiva

9. Je, nipakue draiva kutoka kwa mtengenezaji?

Kwa kawaida hapana. Jambo la kwanza kuangalia ni umri wa kerneli yako, ambao utaujua kwa `uname -r`. Intel AX200 inahitaji kerneli 5.1 au zaidi, na AX210 inahitaji 5.10. MediaTek MT7921 iliingia katika 5.12. Upande wa Realtek, RTL8852AE ilipata draiva ya `rtw89` katika 5.16 na RTL8852BE katika 6.2, na ni katika 6.2 hiyohiyo ambapo adapta za USB za familia ya `rtw88`, kama RTL8821CU na RTL8822BU, zilianza kukubalika bila draiva ya nje. RTL8812AU ilisubiri muda mrefu zaidi.

Kwa hiyo mtu mwenye laptopu mpya na distro ya zamani atapoteza jioni nzima akijenga draiva ambayo kerneli mpya ingempa bure. Kwenye Ubuntu inayohudumiwa kwa muda mrefu (LTS), kifurushi cha kerneli ya HWE, yaani kerneli ya vifaa vipya, huleta kerneli mpya bila kubadilisha distro, na kwenye Debian kazi hiyo hufanywa na hazina ya `backports`, yenye vifurushi vipya vilivyoandaliwa kwa toleo lililopo.

Draiva ya nje ina nafasi yake pale tu chipu haimo katika kerneli yoyote unayoweza kuifikia. Ukiitumia, isakinishe kupitia DKMS, mfumo unaoijenga draiva upya kerneli inapobadilika, kwa sababu zilizoelezwa katika swali la 11, na uiondoe siku kerneli itakapoleta draiva yake.

10. Kadi yangu ni Broadcom. Kwa nini kila ushauri ninaopata unapingana na mwingine?

Kwa sababu Broadcom ina draiva nne kwenye Linux, na kila moja ina chipu zake. `b43` ni ya chipu za zamani. `brcmsmac` ilizaliwa kutokana na msimbo ambao Broadcom yenyewe iliufungua Septemba 2010, nayo huendesha chipu kama BCM4313 (`14e4:4727`). `brcmfmac` ni ya chipu zinazofanya kazi nyingi ndani yake zenyewe. Ya nne, `wl`, ni draiva iliyofungwa ambayo mtengenezaji aliiacha katika toleo la mwaka 2015, na distro ndizo zinazoendelea kuitia viraka ili ikubaliane na kerneli mpya.

BCM43142 (`14e4:4365`) na BCM4360 (`14e4:43a0`) ya MacBook nyingi hazina njia nyingine isipokuwa `wl`. Kwenye Ubuntu sakinisha `bcmwl-kernel-source`, kwenye Debian `broadcom-sta-dkms`, na kwenye Fedora ongeza kwanza hazina ya RPM Fusion kisha `akmod-wl`. Fahamu kwamba `wl` haina WPA3 (aina mpya ya ulinzi wa Wi-Fi), hivyo ruta iliyofungwa kwa WPA3 pekee haitakubali kompyuta hiyo. BCM4312 (`14e4:4315`) inaweza kutumia `b43`, lakini leseni inazuia distro kusambaza programu dhibiti yake, kwa hiyo `firmware-b43-installer` huipakua mtandaoni wakati wa kusakinishwa. Hakikisha intaneti ya simu imewashwa.

Tahadhari iliyo muhimu zaidi hapa ni hii: vifurushi vya `wl` huweka faili katika `/etc/modprobe.d/` linalozizuia draiva nyingine tatu. Ukiiondoa `wl` kwa `apt remove`, faili hilo linaweza kubaki, na kadi itakaa bila draiva yoyote. Tumia `apt purge`, kisha uhakikishe kwa `grep -r blacklist /etc/modprobe.d/`.

11. Wi-Fi ilipotea mara tu baada ya kusasisha mfumo. Imeharibika?

Kadi ni nzima. Draiva ya nje hujengwa kwa ajili ya kerneli moja, na kerneli ikibadilika lazima ijengwe upya. DKMS hufanya hivyo yenyewe endapo vichwa vya kerneli mpya (mafaili yanayohitajika kujengea draiva) vipo. Andika `dkms status`. Ikiwa kerneli yako ya sasa haimo kwenye orodha, sakinisha `linux-headers-$(uname -r)` kisha `sudo dkms autoinstall`. Ujenzi ukikataa kwa makosa ya msimbo, draiva hiyo haijafanyiwa marekebisho ya kerneli mpya. Washa kompyuta upya, uchague kerneli ya zamani kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine inapowaka, na utaendelea kufanya kazi huku ukisubiri.

12. `modprobe` (amri ya kupakia draiva) inajibu `Key was rejected by service`. Ni nini?

Ni Secure Boot, ulinzi wa mashine unaokataa programu zisizo na saini inayoaminiwa. Moduli (draiva) uliyojijengea haina saini inayoaminiwa na mashine. Thibitisha kwa `mokutil --sb-state`. Kwenye Ubuntu andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, na kwenye Debian 12 tumia `/var/lib/dkms/mok.pub`. Utaombwa nenosiri la muda. Ukiwasha upya itatokea skrini ya bluu, ambapo utachagua `Enroll MOK` na kuandika nenosiri lilelile. Ukiipita skrini hiyo bila kuchagua, utalazimika kuanza upya. Kuzima Secure Boot pia hutatua, lakini kusajili ufunguo ni bora kwa sababu ulinzi unabaki.

## Kadi inaonekana, lakini haifanyi kazi ipasavyo

13. Wi-Fi imezimwa na haikubali kuwashwa.

Andika `rfkill list`. Ukiona `Soft blocked: yes`, imezimwa na programu, na `sudo rfkill unblock wifi` itaiwasha. Ukiona `Hard blocked: yes`, hakuna amri itakayoifungua moja kwa moja. Tafuta swichi ya pembeni, ambayo ThinkPad na Latitude nyingi za zamani zilikuwa nayo, au kitufe cha hali ya ndegeni. Kwenye baadhi ya Lenovo IdeaPad zisizo na swichi, moduli ya `ideapad_laptop` huripoti kizuizi ambacho hakipo. Jaribu `sudo modprobe -r ideapad_laptop`. Wi-Fi ikirudi, zuia moduli hiyo kwa kudumu katika `/etc/modprobe.d/`, ukijua kwamba baadhi ya vitufe maalumu vinaweza kuacha kufanya kazi.

Ikiwa unatumia Windows kwenye mashine hiyohiyo na kadi imetoweka baada ya kutoka huko, chanzo ni kule kuzima nusu kunakoiwezesha Windows kuwaka haraka. Ndani ya Windows andika `powercfg /h off` ukiwa msimamizi, kisha uizime kabisa. Kadi iliyokwama kwa kosa la `-110` mara nyingi hurejea ukichomoa chaja, ukatoa betri inayotoka, na kubonyeza kitufe cha kuwasha kwa takribani nusu dakika.

14. Inaunganishwa, lakini inakatikakatika au ni ya polepole.

Anza na uokoaji wa umeme. Andika `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`, ukiweka jina la kiolesura chako linaloonekana katika `ip link`. Hali ikitengemaa, fungua `/etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf` na ubadilishe `wifi.powersave = 3` iwe `2`.

Kwa RTL8821CE na ndugu zake, tatizo linaweza kuwa usimamizi wa umeme wa PCIe. Andika `options rtw88_pci disable_aspm=y` katika faili jipya la `/etc/modprobe.d/rtw88.conf`, kisha uwashe upya. Mashine nyingine ambazo hata zilikuwa zikiganda kabisa hupona kwa mstari huo mmoja.

15. Lazima niweke laptopu kando ya ruta ndipo ipate mawimbi.

Laptopu kadhaa za HP zenye RTL8723BE zilitengenezwa na antena moja tu, na draiva hudhani kwamba antena iko kwenye tundu lile ambalo halina kitu. Andika `options rtl8723be ant_sel=2` katika `/etc/modprobe.d/rtl8723be.conf`. Isiposaidia, jaribu `ant_sel=1`. Kwa mashine nyingine, fungua kifuniko uone kama waya wa antena umechomoka, jambo la kawaida kwa laptopu zilizotumika ambazo zimewahi kufunguliwa.

16. Sioni mtandao wa 5 GHz.

Kwanza hakikisha chipu inaweza. AR9271, MT7601U, RTL8188EU na RTL8723BE ni za 2.4 GHz pekee. Ikiwa `iw phy` inaonyesha `Band 2`, angalia kanuni za masafa kwa `iw reg get`. Alama ya `country 00` ina maana kwamba mfumo haujui uko nchi gani, kwa hiyo unafuata masharti ya tahadhari ambayo hubana chaneli nyingi. Andika `sudo iw reg set TZ`, au `KE`, au `UG`, kulingana na ulipo kweli. Kadi mpya za Intel hujisimamia zenyewe na hazitaitii amri hiyo.

## Adapta za USB

17. Adapta inaonekana kama diski ya CD.

Adapta hizo hubeba draiva ya Windows ndani yake na hujitambulisha kwanza kama diski. Za Realtek huonekana katika `lsusb` kama `0bda:1a2b`. Sakinisha `usb-modeswitch`, kisha uandike `sudo usb_modeswitch -K -v 0bda -p 1a2b`. Namba itabadilika, na kuanzia hapo fuata swali la 2 kwa namba hiyo mpya.

18. Inaona mitandao, lakini nenosiri sahihi linakataliwa.

NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho ya mtandao, hubadilisha anwani ya kadi inapotafuta mitandao, na adapta nyingine hushindwa kuivumilia hali hiyo. Tengeneza faili katika `/etc/NetworkManager/conf.d/` lenye mistari hii miwili, kisha uwashe upya NetworkManager:

```
[device]
wifi.scan-rand-mac-address=no
```

19. `nmcli device` inasema `unmanaged`.

Kwenye Debian, hii hutokea pale kadi ilipotumika wakati wa usakinishaji na kuandikwa katika `/etc/network/interfaces`. Iondoe humo kwa kutanguliza alama ya `#` katika mistari inayoitaja, nawe utaiona kwenye NetworkManager baada ya kuwasha upya.

## Kubadilisha kadi

20. Nikinunua kadi mpya ya ndani, itakubali?

Kwa laptopu zilizotumika zinazoingia kutoka Ulaya na Marekani, swali hili ni la lazima. ThinkPad za zamani zina orodha ya kadi zinazoruhusiwa ndani ya BIOS, na ukiweka isiyoruhusiwa, mashine husimama na kosa la `1802`. HP za zamani hutoa kosa la `104`. Hilo si suala la Linux, na hakuna draiva itakayolirekebisha. Nunua kadi iliyoidhinishwa kwa modeli hiyo.

Kwa laptopu mpya, tofautisha AX200 au AX210, ambazo ni kadi kamili za PCIe, na AX201, ambayo sehemu yake nyingine imo ndani ya chipseti ya Intel. AX201 haitafanya kazi kwenye mashine ya AMD hata kama inaingia vizuri kwenye tundu.

21. Nimejaribu yote. Nitume nini ninapoomba msaada?

Tuma majibu ya `uname -r`, `lspci -nnk` au `lsusb`, `rfkill list`, na mistari ya `dmesg` iliyotajwa katika swali la 3, yakiwa maandishi na si picha ya skrini, kisha utaje jina na toleo la distro na draiva zozote za nje ulizowahi kusakinisha. Futa kwanza anwani za kadi yako na jina la mtandao wa nyumbani.